Kizuka wa Chumba cha Seva

Kazija binti Nyange alikalishwa eda katika chumba cha uani, nyumbani kwa wakwe zake, Wawi. Chumba kilikuwa na kitanda, mkeka na dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani. Abrahman, mumewe, alitoka na pikipiki asubuhi kwenda Mkoani kupokea mzigo bandarini, akarudishwa amefunikwa shuka. Hawakuwa wamejaaliwa mtoto. Nyumba ile ya mabati mekundu ikabaki na wanawake wawili: Kazija na mama mkwe wake, Bi Mwanapili.

Kabla ya hapo, kila asubuhi Kazija alikuwa akienda kazini mjini Chake, kwenye hospitali moja ya binafsi, na kazi yake ilikuwa kuangalia mitambo ya kompyuta. Alizaliwa Kengeja. Baba yake alikuwa mkulima wa muhogo na ndizi, na alipomwona bintiye anafungua redio mbovu na kuirudishia ikaimba, akasema huyu apelekwe shule mpaka shule imchoke. Akasoma Unguja, akarudi Pemba na cheti chake. Hospitali ilipomchukua, akakuta waya zimetapakaa sakafuni na mashine moja kubwa iliyokuwa ikizimika kila wiki. Akazipanga zile waya, akaihamishia mashine kwenye chumba chenye baridi, akaifanya seva ya kweli. Tangu hapo majibu ya maabara yakawa yanafika wodini bila muuguzi kunyanyua mguu.

Sasa yote hayo yalikuwa upande wa pili wa ukuta. Kizuka, yaani mjane aliye edani, hatoki, hajipambi, hatii mafuta yanukiayo. Hayo Kazija aliyakubali kwa moyo mmoja, maana Abrahman alimpenda na yeye alimpenda. Lakini Bi Mwanapili aliongeza na yake. Kizuka hachungulii dirishani. Kizuka hapiti ukumbini wakiwapo wageni. Kizuka hasikiki sauti na mwanamume asiye maharimu wake, hata kwenye simu. Simu ya Kazija ikahamia mfukoni mwa Bi Mwanapili, ikawa inatolewa jioni tu, azungumze na mama yake wa Kengeja.

Siku zikawa zinafanana. Adhana, uji, Kurani, wageni wa makiwa, chakula, adhana. Wageni walilia, wakanywa chai, wakaenda zao. Kazija akabaki akitazama ule ukuta wa jirani, ulioanza kuota ukungu wa kijani kwa mvua. Kuna nyakati alihisi kifua kimembana mpaka akawa anahesabu pumzi. Hakumwambia mtu. Angesemaje? Mume amekufa, na yeye analilia kutoka?

Asubuhi moja simu ililia mfukoni mwa Bi Mwanapili, ikakatika, ikalia tena. Mara hii bibi akaipokea. Kazija alimsikia akijibu salamu, kisha akinyamaza, kisha akisema, "Mwanangu, huyo yuko eda. Hazungumzi." Akanyamaza tena. Halafu akaja mpaka mlangoni, simu ameibana kifuani.

"Ni Hafidh, wa kazini kwako. Asema wazazi wamepata shida."

"Wazazi gani, mama?"

"Wodi ya wazazi. Wamehamia jengo jipya ng'ambo ya barabara, na majibu ya maabara hayafiki. Wauguzi wakimbia na karatasi mkononi, wakatiza magari. Jana mmoja nusura agongwe."

Kazija aliinuka bila kujua kwamba ameinuka. Hafidh alikuwa msaidizi wake, kijana mwenye bidii aliyekuja hospitalini akitokea chuoni. "Nipe nizungumze naye."

"Hilo halipo," alisema Bi Mwanapili. Lakini hakuondoka. Alisimama palepale, akafikiri, halafu akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Nambie mie, nimwambie yeye."

Ikawa hivyo. Hafidh anasema kwenye simu, bibi anasikiliza, anamgeukia mkwewe. Kazija anajibu, bibi anaikabili simu.

Hafidh alieleza kwamba jengo jipya limevutiwa waya wake mwenyewe, na fundi kutoka Unguja ameuchomeka kwenye kadi ya mtandao iliyokuwa haina kazi nyuma ya seva, akaipa kadi ile anwani yake. Kompyuta za wazazi zinaiona seva. Ukiiita, inaitika. Ila programu ya majibu ya maabara haifunguki.

"Muulize, pakiti zinafika?" alisema Kazija. "Zile data zinazotoka kwa wazazi. Atazame kwenye seva yenyewe kama zinaingia."

Bi Mwanapili aliiambia simu, "Auliza, hivyo vifurushi vyenu vyafika nlangoni, au vyapotea njiani?" Akasikiliza. "Asema vyafika. Aviona kwa macho yake. Ila hapana anayeitika."

"Muulize tena. Wakijaribu kufungua, wanakataliwa papo hapo, au inazunguka tu mpaka inachoka?"

"Asema papo hapo. Hata kidole hujakiondoa. Na asema ule ukuta wa kinga wa seva, uzuiao wageni, kauzima tangu jana ajaribu, na bado."

Kazija akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, kichwa chake kilikwenda mahali pengine, na kilikwenda mbio. Kama ingekuwa inazunguka, angesema pakiti zimepotea, au kuna kitu kinazimeza kimyakimya. Lakini kukataliwa papo hapo kulikuwa na maana moja. Pakiti imefika, mashine imeisoma, na mashine yenyewe imejibu kwamba hapa hakuna anayekusubiri.

Na hakuwapo kweli, maana yeye Kazija ndiye aliyeiweka hivyo. Programu inapoamka huiomba mashine iipe soketi, yaani sikio la kupokelea, na husema sikio hilo likae kwenye anwani ipi. Mashine moja yaweza kuwa na kadi tatu za mtandao, na kila kadi ina anwani yake. Pakiti ikiingia, mashine husoma imeandikiwa anwani ipi na mlango wa nambari gani, kisha hutafuta sikio lililowekwa hapo. Ikilikosa, hurudisha jibu la kukataa, hata kama programu yenyewe iko hai humohumo ndani, inawahudumia wengine. Kazija alikuwa ameifunga programu ya maabara kwenye anwani ya kadi ya ndani peke yake, ile inayokwenda maabara na wodi za zamani. Alifanya hivyo kwa sababu kadi ya pili ilitoka nje, kwenye intaneti, ili daktari bingwa aliye mbali asome picha za eksirei. Matokeo ya wagonjwa hayakupaswa kusikika huko. Kadi ya wazazi haikuwa na kazi wakati ule.

"Mama, mwambie afungue faili la mipangilio ya programu. Ataona mstari wenye anwani ya kadi ya ndani. Chini yake aongeze mstari mwingine, aandike anwani ya kadi ya wazazi. Kisha aizime programu, aiwashe. Na mwambie asiweke sifuri. Akiweka sifuri, programu itasikiliza kadi zote, na ya nje pia. Mwambie hilo, mama."

Bi Mwanapili alianza kusema, na hapohapo hodi ikapigwa mlangoni. Walikuwa wanawake wa Msuka, jamaa za marehemu baba yake Abrahman, wametoka kaskazini kabisa kuja kutoa makiwa. Akamalizia maneno mawili matatu, akakata simu, akatoka kuwapokea.

Wageni walikaa mpaka baada ya Adhuhuri. Walipoondoka, Kazija aliuliza, "Hafidh ulimwambia yote?"

"Nilimwambia aongeze anwani ya kadi ya wazazi."

"Na sifuri?"

Bi Mwanapili akakunja uso. "Hilo la sifuri sikulifahamu. Nikaona nisije nikalitia makosa." Akaitoa simu mfukoni, akampa. "Kuna ujumbe hapo, nadhani ni wake. Usome, unirejeshee." Akaenda zake jikoni.

Hafidh alikuwa ameandika: "Alhamdulillahi dada, imekubali! Anwani ya wazazi ilinishinda kidogo, nikaweka sifuri, sasa kadi zote zinasikia. Mwenyezi Mungu akupe subira. Naelekea Makoongwe kwenye harusi ya binamu yangu, nitarudi kesho."

Kazija alisoma mara mbili. Akafungua kivinjari cha simu yake, akaandika anwani ya nje ya hospitali na nambari ya mlango wa programu. Alikuwa amekaa Wawi, kwenye chumba cha uani, kwa vocha ya simu ya kawaida kabisa. Ukurasa ukafunguka. Ulikuwa uleule wa wodini, uliowekwa bila neno la siri ili muuguzi mwenye mikono iliyolowa asihangaike. Palikuwa na majina ya wanawake waliolala wazazi, na mbele ya kila jina vipimo vyake. Aliisoma herufi ya kwanza ya jina la kwanza, akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka.

Kisha akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda, akatoa kompyuta yake ndogo, akaiunganisha na simu. Alitaka kuingia ndani ya seva kwa mbali, arekebishe mstari mmoja tu. Akajaribu, akakataliwa papo hapo. Akajaribu tena kwa ujinga tu, maana alijua. Mlango ule wa mafundi nao aliufunga kwa mkono wake kwenye kadi ya ndani, asije mtu wa nje akaujaribu. Ile kazi nzuri aliyoifanya ikawa imemwacha nje, na mtu yeyote mwenye anwani akawa yuko ndani.

Akampigia Hafidh. Simu haikupatikana, kumbe keshavuka kwenda kisiwani. Akatazama mlango, akasikiliza. Bi Mwanapili alikuwa jikoni akikuna nazi. Kazija akampigia Bwana Altaf, meneja wa hospitali.

"Bi Kazija! Makiwa tena, dada yangu," alisema Altaf. Sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli. "Hafidh amenambia umetusaidia. Allah akulipe. Wazazi sasa wanafurahi."

"Bwana Altaf, programu inasikika nje. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyaona majibu ya wagonjwa. Naomba nenda chumba cha seva, uchomoe waya wa buluu, ule wa kadi ya nje."

"Waya wa intaneti? Lakini daktari wa eksirei yupo kwenye laini sasa hivi, tuna mtoto aliyevunjika nyonga."

"Basi akimaliza. Baada ya saa moja, mbili."

"Dada, sikiliza. Wewe uko kwenye msiba mzito. Akili ya mtu aliyefiwa haitulii, mie mwenyewe nilipofiwa na baba niliona hatari kila pahali. Nani atatutafuta sisi huku Pemba? Hafidh akirudi kesho nitamwambia aangalie. Wewe pumzika. Hata eda ikimalizika usiharakishe kurudi, nafasi yako ipo." Akaaga, akakata.

Kazija alibaki na simu sikioni. Hakukuwa na ubaya hata kidogo katika maneno ya yule mtu, na hilo ndilo lililomkaba. Angetukanwa angepata la kujibu. Akahisi kuta za chumba zinasogea. Ndipo alipoinua uso, akamwona Bi Mwanapili amesimama mlangoni na kifuu cha nazi mkononi.

"Umezungumza na mwanamume."

"Nimezungumza, mama."

"Ndani ya eda ya mwanangu."

Kazija hakuomba msamaha. Alisema, "Mama, wanawake waliolala wazazi siri zao zipo wazi. Nani ana maradhi gani, nani mimba yake imeharibika. Yeyote aweza kuziona, kwa simu kama hii. Mimi najua pa kuziba, na ni kazi ndogo mno. Lakini anayejua yuko huku, na waliopo kule wananambia nipumzike. Nikikaa hapa nikanyamaza, nitakuwa nimeziacha kusudi."

Bi Mwanapili alikiweka kifuu sakafuni, akaketi juu ya mkeka polepole kwa sababu ya magoti yake.

"Kutoka mchana kwa haja kwajuzu," alisema. "Mfiwa atoka kwa haja yake, mradi usiku alale nyumbani kwake. Nalijua hilo tangu nilipokaa eda ya baba yake Abrahman. Nilitoka nikaenda kuuza mikeka yangu, na hapana aliyenisema."

Kazija alimtazama. "Ulijua?"

"N'lijua."

"Na kazini wangenihitaji, ungeniruhusu?"

"Nisingekuruhusu." Macho ya bibi yalikuwa makavu, lakini kidevu kilicheza. "Mwanangu katoka hapa asubuhi, kasema narejea. Kila atokaye nlango ule sasa, mie naona harudi. Weye ukitoka, nyumba hii nabaki nayo na nani? Nikasema nikufunge hapa niwe nakusikia ukikohoa. Basi." Akashika ukingo wa kitanda, akajiinua. "Vaa. Twende sote. Yule jirani ana gari, ntamwambia mkewe atupeleke."

Wakatoka na nguo zao nyeupe za msiba na mabuibui juu yake, mke wa jirani akiendesha. Kazija hakuwa ameiona barabara tangu siku ya maziko. Mwanga ulimuumiza macho. Watu wawili watatu njiani waliwatambua wakageuka kuwatazama, na Bi Mwanapili aliwatolea salamu kwa sauti kubwa, kila mmoja kwa jina lake, mpaka wakajibu.

Bwana Altaf aliwakuta kwenye ujia wa hospitali, akashtuka. "Bi Kazija, eda..."

"Yuko na mie," alisema Bi Mwanapili. "Tufungulie hicho chumba."

Chumba cha seva kilikuwa na baridi yake ileile na mvumo wake uleule. Kazija aliketi kwenye kiti chake, akahisi mwili wote unalegea, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi. Akafungua faili. Mstari wa anwani ulikuwa na sifuri tupu. Akaufuta. Akaandika anwani ya kadi ya ndani, chini yake anwani ya kadi ya wazazi, nambari kwa nambari. Akaizima programu, akaiwasha. Akauwasha tena na ukuta wa kinga, akaupa ruhusa ya wazazi. Kisha akampigia Asma, muuguzi wa zamu kwenye jengo jipya.

"Yafungua, dada, yafungua vizuri," alisema Asma. "Kwani yalikuwa na nini tena?"

"Hayana kitu. Nilitaka kuhakikisha."

Akachukua simu yake, akajaribu kwa ile anwani ya nje. Akakataliwa papo hapo. Akajaribu tena, akakataliwa. Hakuwahi kufurahi hivyo kwa kukataliwa. Ila hakuwa na la kufanya kwa masaa yale ambayo mlango ulikuwa wazi. Akapekua kumbukumbu za seva, aone ni nani aliyeingia. Alikuta mgeni mmoja tu wa nje, na ilikuwa simu yake mwenyewe. Akamwonyesha Altaf. Altaf alisoma, akaondoa miwani, akasema taratibu, "Nilidhani ni huzuni tu, dada. Nisamehe." Kisha akaitwa wodini, akaondoka.

Kazija hakuinuka. Bi Mwanapili alikuwa ameketi juu ya boksi la vifaa, anazitazama taa ndogo za kijani zinavyowaka na kuzima.

"Hizi taa ndizo vile vifurushi?"

"Ndizo, mama. Kila taa ikimeta, kuna kitu kimepita."

"Na vile vifikavyo vikakuta hapana anayeitika?"

"Navyo taa yake inameta vilevile. Kwa nje huwezi kuvijua."

Bibi akatikisa kichwa, akaendelea kutazama. Kazija alitamani kuwe na kitu kingine kilichoharibika, hata waya mmoja uliolegea, apate sababu ya kukaa. Akajionea haya kwa tamaa hiyo. Kila kitu kilikuwa kizima. Adhana ya Alasiri ilipoanza, wakaswali kwenye chumba cha wauguzi, wakarudi Wawi.

Jioni Kazija alimwandikia Hafidh maelezo marefu, bila kumlaumu, kwa nini sifuri haifai pale na namna ya kuandika anwani mbili. Hafidh alijibu kwa kuomba radhi, na kwamba sasa ameelewa, na ikitokea tena ataimaliza mwenyewe. Alikusudia kumtua mzigo. Kazija aliusoma ujumbe ule akaona haja yake ya kutoka imekwisha, na yeye ndiye aliyeimaliza.

Akarudi kwenye chumba cha uani na siku zikaanza tena kufanana. Tofauti ilikuwa kwamba simu ilibaki kwake, na Bi Mwanapili aliuhamishia mkeka wake humo, akawa anamenyea muhogo karibu na kitanda.

"Mama," alisema Kazija siku moja, "eda ikimalizika, nilikuwa nafikiri kwenda kukaa na mama, Kengeja. Nitakuwa nakwenda kazini kutokea huko."

Kisu hakikusimama. "Kengeja ni mbali na Chake," alisema Bi Mwanapili.

"Ni mbali kidogo."

"Ni haki yako. Mie sikuzuii tena."

Kazija alitazama ile mikono ya bibi, namna ilivyokuwa ikimenya taratibu, ganda refu bila kukatika, na namna alivyokuwa hainui macho. Kama mwanamke yule angemkatalia, angekasirika, na hasira ingempa nguvu ya kufunga mizigo. Lakini alikuwa ameruhusiwa, na alijua ni nani atakayebaki nyuma akisikiliza mlango. Akavuta kisu kingine kwenye ungo, akachukua muhogo, akaanza kumenya. Siku zake za kizuka zilikuwa bado nyingi, na kwa mara ya kwanza hakujua kama anataka ziishe.